Vifaranga wa Uzi Mwekundu

Jumatatu, tarehe 7 Julai. Ukungu mpaka karibu saa nne, halafu manyunyu. Upepo ulitoka upande wa choo. Jua halikuonekana siku nzima, na maji yaliyolala nje kwenye ndoo yalikuwa yanauma vidole.

Siku hiyo mayai ya Mama Pasi yalianza kupasuka, na siku hiyo hiyo wifi yake alihamishia kigoda chake bandani.

Mama Pasi tulimwita hivyo sisi tuliopanga vyumba vya mbele, maana hakuna aliyewahi kumwona mikono mitupu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkono wa kulia mnene kuliko wa kushoto, na kwenye shavu la kulia alikuwa na doa jeusi lisilotoka kwa sabuni. Doa hilo alilipata kazini. Pasi zake zilikuwa mbili, za mkaa, na kabla haijagusa nguo ya mtu aliinua pasi mpaka karibu na shavu, akafumba macho kidogo, akapima joto. Wapiga pasi wengine huitemea mate. Yeye alisema mate ni ya mtu na nguo yake mwenyewe. Mashati ya walimu, makoti ya wauguzi, shuka za nyumba ya wageni, vyote alivipiga katika chumba chake cha nyuma, juu ya meza iliyotandikwa blanketi kuukuu. Akiunguza nguo, alikwambia kabla hujaona.

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwa fundi cherehani. Chumba chake kilikuwa ng'ambo ya ua, mlango wake ukitazamana na mlango wa Mama Pasi kama watu wawili waliokaziana macho. Huyu tulimwita Mkasi, ingawa si mbele yake. Nguo alizikata vizuri, na watu aliwakata vizuri zaidi. Wenyewe waliitana "wifi", na kwa jinsi walivyolitamka neno hilo, mgeni angedhani wanatukanana.

Chuki yao ilikuwa na umri wa mwaka na zaidi. Mume wa Mama Pasi aliugua, akakaa kitandani, akafa, na dada yake alikuwa mbali kikazi. Alipofika alikuta watu wameshajaa uani na viti vya kukodi vimepangwa. "Mliniita kwenye maiti," alikuwa akisema tangu siku hiyo, "hamkuniita kwenye ugonjwa." Mama Pasi alimjibu mara moja tu, kwamba mgonjwa mwenyewe ndiye aliyekataza asisumbuliwe. Hakurudia tena. Mkasi hakuamini siku ya kwanza, na hakuona sababu ya kuanza kuamini baadaye.

Marehemu aliacha banda la kuku. Alilijenga mwenyewe kwa mbao za makreti, paa la bati, na mlango wenye bawaba za ngozi ya viatu. Lilisimama kwenye kona ya ua iliyopakana na barabara, na Mkasi aliitaka kona hiyo. Alitaka chumba cha kushonea chenye dirisha la barabarani, wapita njia waone magauni yakining'inia. Nyumba ni ya baba yake, alisema, na kuku si warithi. Mama Pasi alisema wabomoaji watamkuta amekaa ndani.

Wakamwita Baba Mdogo, mdogo wa mwisho wa baba yake Mkasi, mzee aliyestaafu ulinzi wa ghala. Alikunywa chai yake, akasikiliza upande huu, akasikiliza upande ule, akaamua hivi: kuku mmoja alalie mayai katika baridi hii hii. Mkasi ndiye aliyetaka iwe baridi. "Wakati wa jua hata jiwe linalea," alisema. "Kama banda lina maana, tulione sasa." Nusu ya mayai yawe ya mkwe, nusu ya binti. Vifaranga wakiishi mpaka waote manyoya ya mabawa, banda libaki. Wakifa, libomolewe, na neno lisisikike tena.

"Kila mmoja awe na cha kulinda," alisema Baba Mdogo, akajiona amezima moto. Alikuwa amegawa viberiti.

Mama Pasi aliweka mayai yake jinsi yalivyo. Mkasi aliyachora ya kwake kwa chaki ya kushonea, ya buluu, msalaba kila upande.

Sasa, siku ya kuangua, mfugaji hana kazi. Kuku anajua. Kifaranga anatoka amelowa, anajikausha chini ya tumbo la mama yake, na mkono wa mtu hauingii mle mpaka kesho yake. Lakini Mkasi hakuwa na imani na kuku aliyekula pumba za wifi yake. Alikaa kwenye kigoda, koti la kaka yake mabegani, kibonge cha uzi mapajani. Kila yai la buluu lilipopasuka, aliingiza mkono chini ya kuku, akamtoa kifaranga akiwa amegandana manyoya, akamfunga uzi mguuni. Uzi wenyewe ulikuwa mwekundu kwa sababu wiki ile alikuwa anashona sketi nyekundu za shule, na ndio uliokuwa kwenye cherehani.

Mama Pasi alisimama mlangoni mwa banda, pasi mkononi.

"Wifi, mrudishe. Hajakauka."

"Naweka alama."

"Utaweka kesho."

"Kesho atakuwa ameshakuwa wako."

"Upepo huu na kifaranga mbichi namna hiyo, unamuua."

"Wewe kapige pasi. Hapa pana fundi."

Kuku alimdonoa mkono mpaka ukatoka damu. Mkasi alijifunga kipande cha kitambaa, akaendelea. Ilipofika mchana, yule mtetea alichoka kuingiliwa. Alisimama, akayakanyaga maganda, akatoka nje, akaenda kusimama karibu na mlango wa choo manyoya yamemsimama. Walimrudisha, akatoka. Walimrudisha tena, akaanza kuwadonoa vifaranga wenyewe vichwani. Alikuwa amesusa.

"Umemvuruga," alisema Mama Pasi.

"Kuku wako hana malezi. Sijui kajifunza kwa nani."

Mama Pasi aliweka pasi chini, akakunja aproni yake ikawa mfuko, akawaokota wote, wenye uzi na wasio na uzi, akakimbia nao chumbani. Mmoja wa uzi mwekundu alibaki bandani. Alikuwa ameshakufa, mgongo bado una unyevu.

"Mmoja huyo," alisema Mkasi akimwonyesha kila aliyepita, kama mtu anayeonyesha kasoro ya kitambaa kabla hajalipa.

Walibaki wanne wa uzi na watano wasio na uzi, wote bila mama, na baridi ndiyo kwanza inaanza.

Mama Pasi aliwaweka kwenye boksi la sabuni lililotandikwa maranda ya mbao, chini ya meza yake. Joto lilitoka kwenye pasi. Alitia makaa machache, akafunga kifuniko, akaisimamisha pasi juu ya tofali ubavuni mwa boksi, kisha akashusha upindo wa lile blanketi la meza likawa kama pazia. Dirisha la juu aliliacha wazi hata upepo ukivuma, maana mkaa kwenye chumba kilichofungwa hauchagui kifaranga wala mtu. Kabla hajawaacha aliinama, akaingiza shavu lake lile lenye doa ndani ya boksi, akafumba macho. Kisha akasikiliza. Wakirundikana na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakikimbilia pembe za mbali, midomo wazi, wanaungua. Wakitawanyika na kunong'ona kila mmoja na lake, hapo panafaa.

Kwa hiyo mchana pasi moja ilifanya kazi na nyingine ililea. Nguo zikachelewa. Mwalimu mmoja alikuja kuchukua shati lake akakuta bado limekunjamana ndani ya beseni.

"Mama Pasi, yaani shati langu linapanga foleni nyuma ya kifaranga?"

"Shati halifi, mwalimu. Njoo kesho."

Mkasi alikuja kila asubuhi. Hakupiga hodi. "Nimekuja kuwaona wangu," alisema, akawatoa mmoja mmoja, akawageuza, akawatazama chini ya mabawa kama anakagua mshono. Alileta chenga za mahindi kwenye kifuniko cha chupa, za wale wa uzi mwekundu tu, akakaa na rula yake ya kukatia akiwazuia wengine mpaka wa kwake washibe.

"Wanakula wote chakula kimoja, wifi."

"Wa kwako wana mama. Wangu wana mimi tu."

"Mama yupi? Ulimfukuza."

"Nilimfukuza mimi? Sasa hata kuku nasingiziwa!"

Ilikuwa hivyo kila siku. Sisi wapangaji tulijifunza kuchota maji mapema, kabla mlango wa pili haujafunguliwa.

Halafu damu ikaanza.

Siku ya kwanza ilikuwa kidole cha mguu cha kifaranga mmoja, kidonda kidogo kama tundu la sindano. Kesho yake wawili. Wote walikuwa wa uzi mwekundu. Wale watano wasio na alama walikuwa wazima, miguu misafi ya njano. Mama Pasi aliosha vidonda kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, akakata kipande cha kadibodi, akaligawa boksi mara mbili, wa uzi huku, wasio na uzi kule. Haikusaidia. Wa uzi walidonoana wenyewe kwa wenyewe. Asubuhi moja alimkuta mmoja amelala ubavu, mguu umeliwa mpaka kwenye fundo la uzi, amekufa.

Mkasi alimweka maiti huyo juu ya kipande cha kitambaa cha sketi, akamzungusha uani, mlango hadi mlango.

"Tazameni. Wa kwake wamenona, wangu wanaliwa. Nawauliza, kuku anajua ukoo? Anajuaje huyu wangu, huyu wa wifi?"

Nasema kweli, wengine wetu tulianza kumtazama Mama Pasi kwa jicho la pembeni. Muuguzi wa chumba cha pili alichukua makoti yake, akasema atapiga mwenyewe kwa muda. Mama Pasi alikaa chini, mgongo ukiegemea mguu wa meza, akitazama ndani ya boksi mpaka makaa yakafa kwenye pasi zote mbili, jambo ambalo hatujawahi kuliona.

"Umepata?" aliuliza Mkasi kutoka mlangoni.

"Bado."

"Mimi nimeshapata. Namwita Baba Mdogo Jumamosi. Aje kabla hawajaisha, akuone na damu mikononi."

Mama Pasi alijua maana yake. Watatu wa uzi waliobaki wakiendelea hivi, mzee hatakuwa na la kusubiri. Banda lingeondoka kabla ya baridi kuisha.

Jumamosi ilikuwa na baridi kavu, jua la kuangalia tu. Baba Mdogo aliketi kwenye kiti pekee cha chumba cha pasi, kikombe mkononi. Mama Pasi alimwamkia kwa heshima zote. Mkasi alifika wa mwisho. Alikuwa na bibi harusi wa kumpima mchana ule, kwa hiyo alikuwa amejipamba: gauni la kubana, ndala za wazi, na kucha za miguu amezipaka rangi, nyekundu, bado zinang'aa.

"Shikamoo, Baba. Nisikuchoshe. Wifi, waweke chini mzee aone miguu."

Mama Pasi alilaza boksi ubavu, akaondoa kadibodi. Vifaranga walitoka wote, wa uzi na wasio na uzi, wakasita, wakatazama huku na huku. Kisha mmoja akaona. Alikimbia sakafuni mbawa wazi, na wengine wote nyuma yake, moja kwa moja hadi kwenye ndala za Mkasi, wakaanza kuzidonoa zile kucha kwa nguvu zao zote.

Mkasi alipiga kelele, akaruka, akapanda kwenye gunia la mkaa.

"Umewafundisha! Baba, umeona? Amewafundisha!"

Chai ilikuwa imemwagika kwenye suruali ya Baba Mdogo. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, hata hao wako wanakula. Yule ana uzi wako, na ndiye mkali kuliko wote!"

Mama Pasi peke yake hakucheka. Alitazama kucha. Alitazama miguu ya vifaranga. Akaokota sakafuni kijipande cha kitambaa cha sketi kilichokuja kimenata kwenye gauni la Mkasi, akakirusha mbali. Vifaranga wakageuka, wakakikimbilia, wakaanza kunyang'anyana.

"Ni rangi nyekundu," alisema taratibu. "Humu ndani hawana udongo wa kuparua, hawana mdudu. Wanakwenda kwa kinachowaka machoni. Wifi, kata huo uzi."

Mkasi alishuka kwenye gunia. Uso ulikuwa umembadilika.

"Nikate alama yangu? Kisha uniambie wangu ni wangapi?"

"Basi funga mweusi."

"Yaani mimi ndiye niliyewaua."

Hakuna aliyekuwa amesema hivyo. Palikuwa na nafasi ya kusema hapana, hata kwa uongo, na Baba Mdogo alimtazama Mama Pasi kama anayemwomba aitumie. Mama Pasi alisema, "Uzi ni wako."

"Na ugonjwa wa kaka yangu ulikuwa wako."

Vifaranga walikuwa bado wanagombea kile kitambaa.

"Hakuna wa kugusa alama yangu," alisema Mkasi. "Atakayeikata ni mwizi. Baba, sema neno."

Baba Mdogo hakupenda kutazamwa na wanawake wawili kwa wakati mmoja. Aliweka kikombe chini. "Sikilizeni. Uzi ubaki ulivyo. Asikate mtu, asifunge mtu. Na vifaranga wasitoke chumba hiki. Narudi Jumamosi ijayo. Nikiwakuta wazima na mabawa yao, banda libaki. Nikikuta wanaliwa, nitaleta nyundo mwenyewe."

"Baba, watakwisha kabla hujarudi," alisema Mama Pasi.

"Mkwe wangu, nimeshasema."

Mkasi alikuwa ameshashinda, na hata yeye hakuonekana kufurahi. Alisimama kidogo juu ya boksi, akiwa amekunja vidole vya miguu ndani ya ndala, akawatazama watatu wake. Kisha akaenda kwa bibi harusi wake.

Jioni ile, jua lilipokuwa bado ukutani, Mama Pasi alitoka uani kusafisha pasi kama kawaida yake. Kwa mpiga pasi, masizi ndiyo adui. Kidole kimoja chenye masizi kikigusa shati jeupe, kazi yote inarudi kwenye beseni. Kwa hiyo aliyakwangua kwa kijiti ndani ya tumbo la pasi, akayakusanya kwenye kopo, na kopo hilo aliliweka mbali kabisa na meza. Alikwangua pasi ya kwanza. Alikwangua ya pili. Akabaki amechuchumaa, akivitazama vidole vyake. Vilikuwa vyeusi tititi mpaka kwenye kucha.

Nilikuwa nimekwenda kuchota maji. Nilimsikia akisema peke yake, "Asikate mtu, asifunge mtu." Akasimama, akaingia ndani na kopo.

Alichanganya masizi na matone ya mafuta ya kupikia, akamshika kifaranga mmoja mmoja, akaupaka uzi kwa ncha ya kidole, juu, chini, na ndani ya fundo. Fundo hakulifungua. Alipomaliza, watatu wale walikuwa na pete nyeusi miguuni. Wenzao waliwatazama mara moja, wakaendelea na mambo yao.

Asubuhi Mkasi aliingia na kifuniko chake cha chenga. Kelele zake tulizisikia mpaka barabarani.

"Umeufanya nini uzi wangu?"

"Upo."

"Ulikuwa mwekundu!"

"Fundo lako hilo. Likague, wewe si fundi?"

"Umechafua mali yangu, mwanamke!"

"Nimechafua. Miaka yote nahangaika nisichafue vya watu, leo nimechafua kwa makusudi. Kamwambie Baba Mdogo."

Mkasi alileta maji na sabuni, akasugua uzi wa kifaranga mmoja mpaka kifaranga akaanza kutetemeka. Haukutakata. Masizi yakishaingia kwenye pamba pamoja na mafuta hayatoki, na hilo mtu wa vitambaa hahitaji kuambiwa. Mama Pasi alimpokonya kifaranga, akamkausha kifuani, ndani ya nguo. Mkasi hakuleta sabuni tena. Kukata alizuiwa, kufunga alizuiwa. Alibaki na maneno, na hayo hakuyabana. Wiki nzima alizungumza kupitia dirishani, akiwa kwenye cherehani, na mtu asiyekuwepo: kuna watu wamezoea kuficha, wanaficha ugonjwa, wanaficha hata uzi. Mama Pasi alipiga pasi. Pasi nyingine ililea. Vidonda vikakauka.

Jumamosi Baba Mdogo alimshika kila kifaranga, akakunjua bawa, akapuliza. Manyoya yalikuwa yamepangana, mafupi lakini magumu. Aligeuza miguu. Aliona makovu, hakuona damu.

"Amepaka masizi, Baba," alisema Mkasi.

"Naona."

"Ulisema uzi ubaki ulivyo!"

"Uzi upo. Nilisema asikate mtu, asifunge mtu. Sikusema asipake mtu." Alijipangusa mikono kwenye suruali, akaacha alama mbili nyeusi. "Banda linabaki. Nimechoka na banda."

Tulitegemea kelele. Mkasi hakupiga kelele. Alikwenda kwake, akarudi na kikapu chenye vipande vya kitambaa, akawaweka watatu wake ndani. Alichukua mkasi, akakata zile pete nyeusi, akazitupa kwenye kizingiti cha Mama Pasi. Kisha pale pale, mbele yetu wote, akatoa kibonge mfukoni, akawafunga uzi mpya. Mwekundu.

"Wifi," alisema Mama Pasi, "usiwafunge huo."

"Ndiyo rangi yangu."

"Watadonoana."

"Kwako ndiko walikodonoana. Kwangu hakuna wa kuwafundisha." Akafunga mlango.

Baba Mdogo alitikisa kichwa, akaaga. Banda lilikuwa salama, bawaba za ngozi na vyote, na Mama Pasi alisimama uani akilitazama kama mtu aliyerudishiwa nguo isiyo yake. Mchana kutwa cherehani ilikimbia bila kupumzika. Karibu na machweo ikasimama kidogo, na tukasikia vifaranga ng'ambo ya ua. Haikuwa minong'ono. Ilikuwa ile sauti kali. Mama Pasi alikuwa anakunja shuka. Mikono ilisimama hewani.

"Nani kamtuma?" alisema, bila kumlenga mtu. Akakunja shuka mpaka mwisho, akachukua nyingine.

Kesho yake, Jumapili, ukungu uliwahi kuondoka. Mama Pasi aliamka, akafagia banda, akamwaga jivu kavu sakafuni na maranda juu yake, akawahamishia watano wake wapate jua la kwanza. Halafu akakwangua pasi zote mbili. Alitafuta kopo tupu la rangi ya viatu, akalijaza masizi, akatia mafuta, akakoroga kwa kijiti, akafunga kifuniko. Akavuka ua.

Hakupiga hodi. Aliliweka kopo kwenye kizingiti cha Mkasi, akaugonga mlango mara moja kwa kiwiko.

"Masizi hayo, wifi. Ya juu kwa juu hayashiki, mpaka uingize ndani ya fundo. Ukishindwa, niite. Ukiona haya kuniita, waache waliwe, ila usinizungushie maiti mlangoni."

Hakusubiri jibu. Alirudi kwake, akanawa mikono kwa sabuni, akaitazama, akanawa tena, akaichukua pasi, akaipeleka shavuni, akaanza na shati la mwalimu.